Daktari wa kijijini: kumleta si kumkalisha

Katika mabaraza ya huku kwetu Bungoma, magharibi ya Kenya, kuanzia Webuye hadi Cheptais, mazungumzo ya afya yakifunguliwa hukosi kusikia madai mawili: dawa zisikose, na daktari aletwe. Dai la kwanza halina mpinzani. La pili lina wapinzani wenye hoja nzito, na baadhi yao ni watu waliotibu vijijini miaka mingi. Mimi niko upande wa wanaomtaka daktari, ila naona wanadai nusu tu ya wanachohitaji.

Jinsi mambo yalivyopangwa, zahanati ni ngazi ya pili, kituo cha afya ni ya tatu, hospitali ya kaunti ndogo ni ya nne. Zahanati utamkuta muuguzi. Kituo cha afya utamkuta tabibu, yule klinikal ofisa mwenye diploma ambaye wengi wetu tunamwita daktari bila kuuliza. Daktari mwenye shahada huanza kuonekana ngazi ya nne, na hata huko mara nyingi ni wachache wanaogawana wodi, chumba cha upasuaji na zamu za usiku.

Wanaopinga kumpeleka daktari chini ya hapo huanzia kwa huyo tabibu. Ndiye aliyeibeba nchi hii, wanasema, na ni kweli. Malaria ya mtoto, nimonia, kuharisha, vidonda, dawa za kupunguza makali ya ukimwi, yote hayo anayashughulikia kila siku. Walioongeza masomo wanatoa mtoto wa jicho, wanatia wagonjwa nusukaputi, na wengine wanafanya upasuaji wa kujifungua. Sasa mchukue mtu aliyesoma chuoni miaka 6 na kufanya mwaka mmoja wa uanagenzi, umweke kwenye kituo kisicho na eksirei wala chumba cha upasuaji, ambacho maabara yake inapima malaria na mkojo tu. Atafanya lipi pale ambalo tabibu hakulifanya jana? Ujuzi wake utachakaa, naye ataanza kutafuta njia ya kuondoka. Na ngazi ya nne alikotolewa, mama aliyekwama kujifungua saa nane usiku atapakiwa kwenye ambulansi kupelekwa mji mwingine.

Kwa mambo ya dharura, naikubali hoja hiyo yote. Anayejua kupasua awe penye kisu, taa na damu.

Tatizo ni kwamba inamfikiria mgonjwa anayekuja mara moja, akatibiwa, akaenda zake. Foleni ya siku hizi ina mgonjwa wa aina nyingine. Mfikirie mama wa miaka 63 kutoka Ndivisi, ana presha na sukari, anakuja na daftari lake la shule ambalo ndilo faili lake la matibabu. Ndani mna miandiko sita. Wa kwanza alimwanzishia amlodipini, kidonge kinachotumika sana kwa presha. Kidonge hicho kinaweza kuvimbisha miguu. Wa pili, ambaye hakujua kilianza lini, aliiona miguu akaandika dawa ya kukojoza maji. Wa tatu alipandisha dozi ya amlodipini kwa sababu presha siku hiyo ilikuwa juu, wala hakupata wakati wa kuuliza kama mama alikuwa amekosa dawa wiki mbili kwa kukosa nauli ya boda boda. Kila mmoja alifanya kazi yake kwa siku yake. Aliyekosekana ni mtu wa kusoma daftari lote na kusema: tunaanza kwa kupunguza.

Hiyo ndiyo kazi ya daktari wa familia, na haihitaji eksirei. Inahitaji elimu ya kutosha kuona magonjwa matatu yakivutana ndani ya mtu mmoja, na inahitaji kumjua huyo mtu. Hapa ndipo tabibu aliyelemewa na foleni ya watoto wenye homa anapohitaji mwenzake wa kumwelekeza, bila kunyang'anywa kiti chake.

Magharibi ya Kenya ina historia yake katika jambo hili. Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, kilianzisha shahada ya uzamili ya tiba ya familia mwaka 2005, na hospitali ya Webuye ikawa mahali pa wanafunzi hao kujifunzia kazi mashambani. Kabarak, karibu na Nakuru, nao baadaye wakaanzisha mafunzo kama hayo. Kisha mwaka 2023 ikaja Sheria ya Huduma ya Afya ya Msingi na mpango wa mitandao: hospitali ya ngazi ya nne inakuwa kitovu, vituo na zahanati zinaizunguka, na timu yenye daktari wa familia inavitembelea. Mwaka huohuo wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao 100,000 walipewa mikoba yenye vifaa vya kupimia presha na sukari. Presha iliyokuwa imejificha nyumbani sasa inagunduliwa mlangoni, na aliyegunduliwa anahitaji mtu wa kumfuatilia miaka 20 ijayo.

Kwa mpangilio huo, ugomvi wa ngazi ya tatu au ya nne unaisha kwa kiasi kikubwa: daktari analala kitovuni na anazunguka vituoni kwa siku zinazojulikana. Naona mpango huu uko sawa. Unavunjikia kwenye swali ambalo kambi zote mbili hulipita haraka: je, atakaa?

Wengine hujibu kwa kulazimisha. Afrika Kusini tangu 1998 humtaka kila daktari mpya atumikie jamii mwaka mmoja kabla ya kufanya kazi kwa uhuru, na hapa kwetu kuna wanaotamani sheria kama hiyo. Kwa kujaza zamu ya usiku, inasaidia. Kwa mama wa Ndivisi, inaleta mwandiko wa saba. Shirika la Afya Duniani, katika mapendekezo yake ya mwaka 2010, lilitaja utumishi wa lazima kati ya njia nyingine nyingi: kuchagua wanafunzi waliokulia vijijini, kuwafundishia huko, kuwapa nyumba na marupurupu. Wanasiasa huichukua ile ya lazima kwa kuwa gharama yake ni ndogo. Serikali iliwahi pia kuwaleta madaktari 100 kutoka Kuba, mwaka 2018, mpango uliokomeshwa 2023. Walikuwa na ujuzi, lakini mzee wa Mlima Elgon anayesema Kisabaoti na Kiswahili cha sokoni alihitaji mkalimani ili aeleze kwamba hapati usingizi tangu afiwe na mwanawe.

Wanaoondoka si wasaliti. Daktari akifika ngazi ya nne na kuonyesha bidii, hupewa usimamizi wa hospitali, na kuanzia hapo anashughulika na mafuta ya jenereta na mishahara ya vibarua badala ya wagonjwa. Mwenzi wake hana kazi mjini hapo. Ruhusa ya kwenda kusoma na kupandishwa cheo vinasubiri barua isiyojibiwa. Migomo ya madaktari, ya siku 100 iliyoisha Machi 2017 na ya siku 56 mwaka 2024 iliwaumiza sana watu wa vijijini, na hasira yao naielewa, ila mzizi wa migomo hiyo ulikuwa makubaliano yaliyotiwa saini yasitekelezwe.

Je, kukaa kwenyewe kunaleta tofauti? Utafiti mkubwa wa Norway ulionyesha kwamba watu waliokuwa na daktari wao yuleyule kwa zaidi ya miaka 15 walikuwa na uwezekano wa kufa ulio pungufu kwa takriban robo, wakilinganishwa na waliokuwa naye mwaka mmoja tu. Norway si Bungoma, na tofauti kama hiyo huenda ikatokana pia na mambo mengine. Hata hivyo, nani mwenye mzazi anayeugua sukari atashangazwa na mwelekeo huo?

Kuna upande wa pili wa kukaa, na ndio unaonisumbua zaidi. Kuna wagonjwa wa ukimwi wanaopita vituo viwili kwenda kuchukua dawa kwenye kituo cha tatu, kwa sababu tu hakuna anayewajua huko. Msichana anayetaka mpango wa uzazi hatamwendea daktari anayekaa kiti kimoja na mama yake kanisani. Na daktari mbaya akikaa miaka 10, bila wa kumkagua, ubaya wake unakuwa desturi ya kituo. Hata aliye mwema huchoka: anaulizwa dozi sokoni, anaonyeshwa kidonda matangani, anapigiwa simu Krismasi. Kwa hiyo mtandao wenye daktari mmoja tu hautoshi. Wawe angalau wawili, ili mmoja apumzike, mwenzake amkosoe, na mgonjwa awe na wa kumkimbilia.

Kaunti inaweza kuanza bila sheria mpya. Marupurupu ya kijijini yapande kwa kila mwaka ambao daktari amebaki kwenye mtandao uleule, yapande vya kutosha kumfanya afikirie mara mbili kabla ya kuomba uhamisho. Daktari wa familia asipewe usimamizi wa hospitali, kazi hiyo wapewe waliosomea utawala. Siku zake za kila kituo zibandikwe ukutani, na kumbukumbu za mgonjwa zibaki kituoni hata daftari likilowa mvua. Bodi ya utumishi ya kaunti ndiyo inayoajiri, na bajeti ya mishahara hupitishwa na bunge la kaunti kabla ya Julai. Wanaomtaka daktari wapeleke dai lao huko, na waseme anatakiwa kwa miaka mingapi.