Siyo mawazo, ni shingo

Jamani hili neno "mawazo" tunaloambiwa hospitali linanikera, kumbe wakati mwingine ni tezi ya shingo. Mtu moyo unamwenda mbio, mawazo. Halali, mawazo. Anakonda, mawazo, na akiwa mwanamke ndo kabisaa, hata hajakaa vizuri kwenye kiti ashaandikiwa dawa za usingizi.

Mamdogo wangu kakaa karibu mwaka mzima na hayo mawazo yake. Mwezi wa saba, Dar kuna kaubaridi, sisi tunajifunika yeye feni namba tano na jasho linamtoka. Ugali sahani mbili anamaliza lakini magauni yanamvuka, mpaka majirani wakaanza kunong'ona eti kaukwaa, kapima mara tatu hana kitu. Mikono inatetemeka chai inamwagikia kwenye kisahani. Zahanati moja wakampa dawa za presha, kwingine wakampima na ile mashine ya waya waya wakasema moyo mzima ila unaenda mbio tu, punguza mawazo mama.

Sasa kama ni mzima unakimbilia wapi??

Mtu mzima aliyetulia moyo hupiga mara 60 mpaka 100 kwa dakika, lakini moyo unatumwa. Ukikurupushwa na mbwa usiku vile vitezi vilivyokaa juu ya figo vinamwaga adrenalini, moyo unadunda, baada ya muda umepoa unajicheka. Thairoidi, ile tezi ya mbele ya shingo chini ya kikoromeo, yenyewe haina papara, homoni yake ikizidi inaingia mpaka ndani ya misuli ya moyo inabadilisha vinavyotengenezwa humo, na inaufanya moyo uisikie adrenalini kupita kiasi, kwahiyo kile kiasi ambacho mimi na wewe tusingekishtukia yeye kinamkimbiza. Ndo maana hata usingizini haupoi. Wa wasiwasi akisinzia mapigo yanashuka, wa thairoidi yanabaki juu. Nilimhesabia mwenyewe saa nane usiku kapitiwa na usingizi, vidole kwenye kifundo cha mkono, jicho kwenye saa ya simu: 118.

Na siyo habari ya jana hii. Mwaka 1835 daktari wa Dublin anaitwa Robert Graves aliandika kuhusu wagonjwa watatu, wanawake wote (ona!), mapigo ya moyo makali yasiyoisha, na wote tezi ya shingo imevimba. Ugonjwa ukapewa jina lake. Karibu miaka 200, na bado tunaambiwa mawazo.

Tatizo lingine watu wanasubiri waone rovu. Rovu kubwa la kukosa madini joto, mtu anaweza kuwa nalo miaka na homoni zake ziko sawa, halafu mwingine shingo laini kabisa kumbe ndani tezi imechachamaa. Mamdogo shingo yake ukiitazama huoni kitu. Damu ndo ilisema, kipimo cha TSH (homoni inayotoka chini ya ubongo kuiamrisha tezi, tezi ikizidisha yenyewe inashuka) kikasoma chini kabisa.

Najua madokta mtanijia juu, foleni ndefu, kipimo hakipo kila zahanati, na ukiwa nacho kina bei. Sawa. Basi andika kikaratasi mtu akapime anakoweza, kuliko kumwambia akapunguze mawazo, maana moyo ukiachwa hivyo unaweza kuanza kupiga ovyo ovyo, damu inagandia ndani yake, bonge likipanda kichwani ni kiharusi. Na nyie mnaojinunulia propranolol duka la dawa, inatuliza moyo kweli, ila tezi haiigusi, inaendelea na yake.

Mamdogo alipewa dawa mbili, propranolol ya kutuliza moyo na kabimazoli ya kuituliza tezi yenyewe. Mikono ilitulia ndani ya siku chache, uzito ukachukua miezi. Juzi nimeenda nimemkuta kajifunika shuka, feni kaizima, ananiambia mwanangu funga hilo dirisha, nyie mnawezaje na baridi hii.