Huyo mtoto hana uroho, ameumia ubongo

Huku Mbagala mtoto akinenepa ghafla, hukumu hutoka hapohapo: mama yake anamlisha chipsi. Wenzake wanamwita Bonge, konda wa daladala anamwambia alipe siti mbili, mashangazi wanaagiza ndimu na maji ya moto. Nimesikia haya yakisemwa juu ya mtoto aliyetolewa uvimbe kichwani, na waliokuwa wakisema walikuwa wanajua habari za operesheni yake. Imeniuma sana.

Chini ya ubongo, juu kidogo ya pituitari, tezi ndogo inayotoa homoni, kuna sehemu ndogo iitwayo haipothalamasi. Hapo ndipo mwili unapopima njaa na shibe. Mafuta yaliyohifadhiwa mwilini hutoa homoni ya leptini, iliyogunduliwa mwaka 1994 na Jeffrey Friedman na wenzake kule New York, kuuarifu ubongo kwamba akiba ipo. Haipothalamasi ikiharibiwa na uvimbe, upasuaji, mionzi au ajali, taarifa inafika lakini haisomwi. Tumbo limejaa, ubongo bado unadai chakula. Kongosho nalo husukumwa kutoa insulini nyingi, ambayo hulundika mafuta, huku mwili ukipunguza matumizi ya nguvu, na mtoto anachoka na kusinzia mchana. Ndiyo maana wengine huzidi kunenepa hata sahani ikipunguzwa.

Jambo hili si geni kwa madaktari. Mwaka 1901 daktari Alfred Fröhlich wa Vienna aliandika habari za mvulana mwenye uvimbe eneo la pituitari aliyenenepa vilevile. Mwaka 1940, Hetherington na Ranson wa Marekani walijeruhi haipothalamasi za panya, nao wakanenepa kupita kiasi. Leo tunajua kwamba kati ya watoto wanaotibiwa kraniofaringioma, uvimbe usio saratani unaoota jirani kabisa na sehemu hiyo, takriban nusu huishia kwenye unene uliopindukia.

Nusu! Kwa nini basi mzazi asiambiwe mapema? Wazazi niliozungumza nao walielezwa kuhusu macho, kuhusu homoni za kumeza maisha yote, lakini njaa waliikuta nyumbani, mtoto akipekua sufuria usiku. Mama mmoja alikuwa akimchapa, kwa kuamini anaiba.

Sisemi mtoto aachiwe chakula. Milo ipangwe, kabati lifungwe ikibidi, atembee na kucheza kadiri anavyoweza. Lakini afungiwe kabati huku akielezwa kwamba kosa si lake, na baba asimtupie mama maneno mezani.

Ninachodai kwa hospitali zetu ni kidogo: uzito upimwe kabla ya operesheni na kila kliniki baada yake, mtaalamu wa lishe aingie tangu mwanzo, na mzazi apewe barua ya daktari ya kumpelekea mwalimu wa darasa, ili mtoto asisimamishwe mbele ya wenzake kwa kosa la kula mkate wa jirani.