Mpe mwanafunzi wa sheria kesi, desa atalipata mwenyewe

Mwaka 2022, matokeo ya Shule ya Sheria ya Tanzania, anakopitia mwenye shahada ya sheria ili awe wakili, yalipoonyesha kwamba waliofaulu ni 26 kati ya 633, lawama zilitupwa kila upande. Vyuo vinapitisha watu hovyo, walisema hawa. Shule yenyewe inakamia, wakasema wale. Serikali ikaunda kamati chini ya Dk. Harrison Mwakyembe. Mimi nafundisha sheria, na kilichonikaa kichwani ni kile tunachokifanya darasani miaka mitatu minne kabla ya mtihani ule.

Tunasoma notisi. Mhadhiri anatamka, wanafunzi wanaandika, aliyechelewa anakwenda steshenari kutoa kopi ya desa, yaani notisi zilizofupishwa za kukariri. Kesi inaingia humo kwa mstari mmoja: jina, mwaka, kanuni. Mtu anamaliza mwaka wa kwanza anataja kesi chungu nzima na hajawahi kusoma hukumu moja hadi mwisho.

Chukua kesi ya Bernardo Ephrahim dhidi ya Holaria Pastory, ya mwaka 1990. Desa linasema mwanamke ana haki ya kuuza ardhi ya ukoo, basi. Mimi naanza na mkasa. Huko Muleba, mkoani Kagera, Holaria alirithi shamba la ukoo kwa wosia halali wa baba yake. Umri ukaenda, hana wa kumtunza, akaliuza kwa shilingi 300,000 kwa mtu asiye wa ukoo. Hazikupita siku nyingi, Bernardo akafungua shauri Mahakama ya Mwanzo Kashasha: mila ya Kihaya haimruhusu mwanamke kuuza. Hapo nanyamaza. Nyinyi ndiyo mahakama, semeni.

Darasa moja, kijana alisimama kuutetea ukoo kwelikweli. Shamba lina makaburi, alisema, huwezi kumuuzia mgeni makaburi ya babu zako. Kutoka nyuma, binti ambaye hakuwa na kawaida ya kufungua mdomo akamuuliza, "Na alipokuwa hana wa kumtunza, huo ukoo ulikuwa wapi?" Kelele zilizofuata zilimleta mlinzi dirishani. Zilipotulia, walianza wenyewe kuulizia ibara ya 13 ya Katiba, ile ya usawa mbele ya sheria, na kama Hati ya Haki, sehemu ya Katiba inayolinda haki za binadamu, iliyoingizwa mwaka 1984, inaweza kuigusa mila iliyokwishaandikwa. Ndipo nikawagawia hukumu ya Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, kesi ilikoishia kwa rufaa. Wakaisoma yote, wakakuta kitu ambacho desa halina: jaji alikubali mauzo, lakini alimpa Bernardo miezi sita ya kulikomboa shamba kwa kulipa zile 300,000. Nusu ya darasa waliona ni busara, nusu wakaona jaji kaogopa. Wakabishana hadi nje kwenye vimbweta, viti vya saruji vya kujisomea.

Yule binti alisema kwa Kiswahili, nami sikumkatiza. Tangu sheria irekebishwe mwaka 2021, Kiswahili ndicho lugha ya sheria na mahakama zetu, na mahakama za mwanzo hazikuisubiri sheria hiyo. Mwanafunzi ajenge hoja kwa lugha anayoifikiria, kisha aiandike kwa Kiingereza cha mtihani. Ukimlazimisha kuanza na Kiingereza, wanasema wale wale watano waliosoma shule za kulipia.

Halafu kuna ile salamu ya siku ya kwanza: "Tazama kulia, tazama kushoto, mmoja wenu atadisko," yaani atafeli na kuondolewa chuoni. Wenzangu wanadhani inajenga nidhamu. Inachojenga ni watu wanaoogopa kuuliza, na asiyeuliza mwaka wa kwanza hataanza kuuliza akiwa na mteja. Kumlea mwanafunzi si kumgawia alama. Mimi nasahihisha kwa kalamu nyekundu bila huruma, ila karatasi ya jaribio inarudi mkononi mwake kabla ya UE, mtihani wa mwisho wa muhula, ikiwa na maneno mawili matatu ya nilichokitaka. Alama peke yake ubaoni haimwambii alipopotea.

Nitaambiwa darasa lina watu mia tatu. Ni kweli, na kwa idadi hiyo mkasa mmoja kwa kila mada unatosha, mingine wakaisome. Ninachowaomba wakuu wa vitivo ni semina: ziwe za watu ishirini, zifanyike kweli, na wasaidizi wanaoziendesha walipwe kwa wakati. Ratiba ya muhula ujao bado haijabandikwa. Nafasi ipo.