Mubirizi unaua seli za saratani. Halafu?

Pale soko la Kadutu, Bukavu, mashariki mwa Kongo, kuna mama anayeuza majani ya mubirizi yaliyochemshwa, yametiwa katika chupa za plastiki zilizokwisha kutumika. Juu ya meza yake ameweka karatasi ya fotokopi iliyokunjwa mara nne, ya Kifaransa, na sentensi moja imepigiwa mstari: majani haya yana flavonoidi (kundi la kemikali za mimea), na flavonoidi huua seli za saratani ya mapafu. "Papa, hii njo inaosha mapafu," aliniambia. "Hata bazungu bameandika."

Tatizo ni kwamba karatasi haidanganyi. Mubirizi, huu huu mchungu unaoota kando ya nyumba zetu, una luteolini, ambayo ni flavonoidi. Ndugu zake wamejaa jikoni: kwesetini katika vitunguu, jenisteini katika soya, katekini katika chai ya kijani. Katika maabara, luteolini na kwesetini zimemwagwa juu ya A549, seli zilizotolewa mwaka 1972 katika uvimbe wa pafu la mwanaume wa miaka 58 na ambazo mpaka leo zinazaliana katika visahani dunia nzima. Seli zikafa. Wala hazikufa hovyo: flavonoidi hukata ishara zinazoiamuru seli igawanyike, kisha huifungulia njia ya kujiua ambayo saratani ilikuwa imeiziba.

Wanaozitetea wana hoja nyingine nzito. Vinorelbini, inayotumika kutibu saratani ya mapafu, asili yake ni ua la Madagaska. Paklitakseli ilipatikana kwanza katika gome la mti wa Amerika Kaskazini. Na sisi wa Bukavu ndio wa mwisho kucheka gome la mti, maana kiwanda cha Pharmakina kimetengeneza kwinini hapa hapa kutokana na gome la mkwinini.

Ila dawa hizo zote, hata kwinini, si flavonoidi. Mojawapo ya flavonoidi zilizofika mbali ni flavopiridoli, iliyotengenezwa kwa kufuata umbo la kemikali ya mti wa India. Ilipojaribiwa kwa wagonjwa 20 wa saratani ya mapafu iliyokwisha kusambaa, matokeo yake yaliyotolewa mwaka 2001 yalionyesha kwamba hakuna hata mmoja ambaye uvimbe wake ulisinyaa kiasi cha kuhesabiwa. Katika kisahani ilikuwa shujaa.

Kisahani hakina tumbo wala ini, ndiyo sababu. Mara nyingi mtafiti huziwekea seli luteolini ya makumi ya maikromoli (kipimo cha wingi wa kemikali) kwa lita. Ukila au ukinywa flavonoidi, sehemu kubwa haipenyi utumbo. Inayopenya, ini huibadilisha upesi, na kinachobaki katika damu ni maikromoli chache tu kwa lita au hata chini ya hapo, nyingi zikiwa zimekwisha geuzwa kitu kingine. Ndiyo maana sentensi "inaua seli za saratani" hainitishi tena. Hata javeli, ile ya kung'arishia nguo, huziua.

Watafiti wanajua hilo, na wapo wanaojaribu kuzifunga flavonoidi ndani ya vitone vya mafuta ili zifike salama, au kuzichanganya na sisplatini, dawa ya hospitali ya saratani. Kazi hiyo naiunga mkono kabisa. Nisichokubali ni ile kauli ya sokoni kwamba cha majani hakidhuru. Huko Finland, wanaume zaidi ya 29,000 wavutaji wa sigara waliingizwa katika jaribio la vidonge, wengine wakipewa beta-karotini, ile rangi ya karoti. Si flavonoidi, lakini nayo ilisifiwa hivyo hivyo. Mwaka 1994 hesabu ilitoka: waliomeza beta-karotini walipata saratani ya mapafu zaidi kwa asilimia 18. Kwesetini nayo, ikiwa nyingi, huweza kuingilia vimeng'enya vya ini vinavyosaga dawa za hospitali, kwa hiyo anayemeza erlotinibu, dawa ya saratani ya mapafu, asimfiche daktari chupa yake.

Yule mama simlaumu sana. Hapa kwetu mtu akikohoa wiki tatu tunafikiria kifua kikuu, na ni haki, ugonjwa huo umejaa nchini. Lakini makohozi yakipimwa na kuonekana safi, huku mgonjwa anakonda na kutema damu, inabaki skana, na skana ni pesa ambayo familia nyingi haina. Chupa ipo, bei yake inajulikana, na muuzaji anakusikiliza. Miezi inapita hivyo, na katika saratani ya mapafu miezi ndiyo inayoamua kama uvimbe bado unaweza kukatwa.

Nilimuuliza muuzaji: mgonjwa anywe kiasi gani? "Kikombe asubuhi, kikombe mangaribi." Kikombe gani? Akacheka, akaniinulia kopo la bati analopimia maharage.