Barua za wanakemia: ushahidi au porojo za faraghani?

Tarehe 22 Februari 1828, Friedrich Wöhler, mwalimu wa miaka 27 katika shule ya ufundi ya Berlin, alimwandikia Jöns Jacob Berzelius wa Stockholm, ambaye ndiye aliyemfunza kazi ya maabara. Alimwambia kwamba mkojo wake wa kikemia umembana, hauzuiliki tena: ameweza kutengeneza urea, kitu kinachopatikana katika mkojo, bila figo ya mtu wala ya mbwa. Maneno hayo yamenukuliwa katika vitabu vya kemia mpaka yakachakaa. Ila barua haikuishia hapo. Mbele kidogo Wöhler anauliza: je, kweli hiki ni kitu cha mwili kilichotokana na vitu visivyo vya mwili? Mbona ili kupata sayaneti, chumvi aliyoanzia nayo, ni lazima kwanza uanze na kitu kilichotoka kwa mnyama? Sehemu hii hainukuliwi sana.

Hapo ndipo mabishano kuhusu barua za wanakemia yanapoanzia. Wapo wanaosema makala iliyochapishwa ni chakula kilichokwisha pakuliwa, barua ndiyo inayokuingiza jikoni. Wapo wanaojibu kwamba mtu anapoandika barua anamwona machoni yule anayemwandikia, hivyo anajipamba, anatania, anapunguza au anatia chumvi. Na barua iliyotufikia imekwisha kupita mikononi mwa mjane, binti, mjukuu na mhariri. Pande zote mbili zina hoja nzito. Kosa ni kudhani kwamba zinajibu swali moja.

Tuanze na jaribio lenyewe, maana bila hilo barua haieleweki. Wöhler alichukua sayaneti ya fedha akaitia katika myeyusho wa kloridi ya amonia. Hesabu yake ilikuwa kwamba kloridi ya fedha ingetuama kama mashapo meupe, aichuje, na ndani ya maji ibaki sayaneti ya amonia. Alipouvukiza myeyusho alipata fuwele nyeupe, lakini hazikuwa na tabia ya chumvi ya amonia hata kidogo. Alizitia potashi, harufu ya amonia haikutoka. Alizitia asidi, asidi ya sayaniki haikuonekana. Asidi ya naitriki ndiyo iliyomfungua macho: ilitoa magamba yanayong'aa, sawa kabisa na yale yanayotoka katika urea ya mkojo. Atomu hazikuongezeka wala kupungua, mpangilio wake ndio uliogeuka. Ndiyo urea hiyohiyo ambayo leo mkulima hununua kwa mfuko kukuzia mahindi.

Makala yake ya mwaka 1828 inaeleza hatua hizi vizuri. Wasiwasi ule haumo. Na wasiwasi ulikuwa na msingi, kwa sababu sayaneti za wakati ule zilitokana na chumvi iliyopatikana kwa kuchoma damu, pembe na kwato pamoja na potashi na chuma. Mtu mkorofi angeweza kusema nguvu ya uhai, iliyodhaniwa kuwa ndiyo inayotengeneza vitu vya viumbe, haijaondoka, imejificha ndani ya mkaa wa mnyama. Wöhler aliliona pingamizi hilo kabla ya mtu mwingine yeyote kumletea.

Sasa tazama tarehe. Wöhler alifariki mwaka 1882, na mwaka huohuo August Wilhelm Hofmann, katika maombolezo yake, alisaidia sana kueneza picha ya urea kama pigo lililobomoa ukuta kati ya kemia ya viumbe na ile ya madini. Mkusanyiko wa barua za Wöhler na Berzelius ulichapishwa Leipzig mwaka 1901, ukihaririwa na Otto Wallach. Hadithi ilikuwa na miaka karibu 20 ya kuota mizizi kabla shaka ya mwenye jaribio haijapigwa chapa. Kwa hiyo wanaosema barua husahihisha historia hapa wameshinda, tena bila taabu.

Ila soma pia jibu la Berzelius la tarehe 7 Machi. Ni utani mtupu: anauliza kama hatua ijayo itakuwa kutengeneza mtoto, hata akiwa mdogo kiasi gani, katika maabara ya shule ile ya Berlin. Ukinukuu mstari huo peke yake unaweza kumfanya Berzelius mtu aliyedharau ugunduzi, au aliyeupokea kama ufunguo wa uhai. Vyote viwili si kweli. Aliandika kama mtu mzima anavyomtania mwanafunzi anayempenda. Anayetafuta msimamo wake wa kisayansi auangalie katika vitabu vyake, si katika utani. Kinachoaminika bila shaka katika jozi hii ya barua ni kalenda: kati ya Berlin na Stockholm, barua kwenda na jibu kuandikwa kulichukua takriban wiki mbili, na habari ya urea ilivuka bahari kwa barua.

Kuna tatizo jingine ambalo watetezi wa barua hulipita haraka. Alama. Berzelius aliweka nukta juu ya herufi ya elementi kuonyesha oksijeni, nukta moja kwa atomu moja, na mstari kukata herufi kuonyesha atomu mbili. Wajerumani wengi wa miaka ya 1840 walihesabu uzito wa atomu ya kaboni kuwa 6 na ya oksijeni 8 (haidrojeni ikiwa 1), hivyo maji yakaandikwa HO. Anayenakili barua hizo kwa macho ya leo hukosea kwa njia mbili: ama anaiacha nukta akidhani ni uchafu wa karatasi, ama "anasahihisha" HO kuwa H2O na kuharibu hesabu yote inayofuata. Mashine zinazosoma maandishi ya zamani huupoteza mstari ule mwembamba bila kumwonya mtu. Basi kabla ya kusema mwanakemia fulani alikosea fomula, badili kwanza uzito wa atomu alioutumia yeye. Mara nyingi utakuta hakukosea.

Kesi inayonifanya nisite zaidi ni ya Scheele. Tarehe 30 Septemba 1774, Carl Wilhelm Scheele, mfamasia aliyekuwa Uppsala, alimwandikia mwanakemia Antoine Lavoisier wa Paris kumshukuru kwa kitabu. Akaongeza ombi. Yeye hana lenzi kubwa ya kuchomea kwa jua, Lavoisier anayo. Basi amsaidie kujaribu hivi: ayeyushe fedha katika asidi ya naitriki, aitoe kama mashapo kwa alikali ya tartari (kabonati ya potasiamu), aoshe, akaushe, kisha ayachome mashapo hayo kwa lenzi huku gesi ikikingwa juu ya maji yaliyotiwa chokaa. Aangalie ni hewa kiasi gani inayobaki, na kama mshumaa unaweza kuwaka na mnyama kuishi ndani yake.

Chokaa ile si pambo. Mashapo hayo ni kabonati ya fedha, na ikipashwa joto kali hutoa dioksidi ya kaboni na oksijeni, ujazo wa 2 kwa 1. Mtu akiruka hatua ya chokaa, theluthi mbili za gesi yake ni ile inayozima moto, na hapo mshumaa hausemi chochote kuhusu oksijeni. Scheele alilijua hilo. Barua yake ni maelekezo kamili ya kupata oksijeni, yaliyoandikwa miaka mitatu kabla ya kitabu chake kutoka mwaka 1777.

Lavoisier hakumtaja. Jibu lake halijulikani. Mwaka 1890 Édouard Grimaux aliichapisha barua hiyo baada ya kuikuta katika karatasi za Lavoisier, na tangu hapo imekuwa mashitaka: aliisoma, akanyamaza. Mwenye kumtetea ana la kusema pia. Karatasi kukutwa nyumbani kwa mtu kunathibitisha kwamba ilifika. Hakuthibitishi ilisomwa siku gani, na nani, wala ilieleweka vipi. Tena Oktoba ya mwaka 1774 mwanakemia Mwingereza Joseph Priestley alikuwa Paris na alimsimulia Lavoisier, mezani, juu ya gesi aliyoipata kutokana na oksidi ya zebaki. Kwa hiyo hata tukiiondoa barua ya Scheele, Lavoisier alikuwa na mahali pengine pa kupata fununu. Mimi naona barua hii inatosha kabisa kumpa Scheele haki yake ya tarehe. Kumfanya Lavoisier mwizi, haitoshi.

Na kwa nini tunayo? Kwa sababu familia iliitunza. Lavoisier alikatwa kichwa tarehe 8 Mei 1794. Mkewe, Marie-Anne Paulze, aliyeolewa akiwa na miaka 13, ndiye aliyechora michoro ya vyombo katika kitabu cha mumewe cha mwaka 1789 na kutafsiri kwa Kifaransa insha ya mwanakemia Kirwan kuhusu flojisto, kitu kilichodhaniwa kutoka ndani ya vitu vinavyoungua. Hakuwa mjane aliyerithi makaratasi asiyojua yanasema nini. Alijua uzito wa kila ukurasa. Kutoka kwake karatasi zilienda kwa ndugu na vizazi vyao, na uchapishaji wa mfululizo wa mawasiliano ya Lavoisier ulioanza mwaka 1955 umekamilika mwaka 2012 tu. Mlinzi anayeelewa kemia ni bahati, na ni hatari pia: anaweza kuhifadhi kwa akili, na anaweza kuchagua kwa akili.

Uchaguzi wa namna hiyo unaonekana wazi kwa Wöhler na rafiki yake, mwanakemia Justus Liebig. Barua zao zilitolewa mwaka 1888 na Hofmann, akisaidiwa na Emilie, binti wa Wöhler. Jina la kitabu kwa Kijerumani linaanza na neno lenye maana ya "kutoka katika", yaani mwenyewe anakiri kwamba ni sehemu tu. Anayejenga hoja kwa kusema "Liebig hakuwahi kulizungumzia jambo hili katika barua zake" kwa kusoma kitabu hicho peke yake amejenga kwenye mchanga. Kimya cha kitabu kilichochaguliwa si kimya cha mwandishi. Anapaswa kwenda kwenye hati zenyewe.

Upande wa pili unapata nguvu zake zote kwa Clara Immerwahr, mwanamke wa kwanza kupata udaktari katika Chuo Kikuu cha Breslau, mwaka 1900, kisha mke wa mwanakemia Fritz Haber. Mwaka 1909 alimwandikia Richard Abegg, msimamizi wake wa zamani, kwamba yote aliyopata Fritz katika miaka ile minane, yeye amepoteza kiasi hicho na zaidi. Hiyo ni barua ya kweli, ya wakati wake, kuhusu ndoa. Tarehe 2 Mei 1915, siku chache baada ya gesi ya klorini kutumiwa vitani Ypres, Ubelgiji, kwa uongozi wa Haber, alijiua. Barua za kuaga zinazosemekana aliziandika usiku ule hazipo. Mengi yanayosimuliwa kuhusu kupinga kwake gesi yanategemea barua ambazo Johannes Jaenicke alizikusanya kwa watu waliomfahamu, kuanzia miaka ya 1950, yaani baada ya miaka 40 na vita viwili. Huenda walikumbuka sawasawa. Lakini barua ya 1909 na barua ya 1957 si ushahidi wa daraja moja, na kuzishona pamoja kama kitambaa kimoja ni kumfanya Clara aseme kile tunachotamani kusikia.

Kuhusu Marie Curie sitakaa sana. Novemba 1911 gazeti la Gustave Téry lilichapisha vipande vya barua zake za mapenzi na mwanafizikia Paul Langevin, zilizoibwa. Mwanakemia wa Sweden, Svante Arrhenius, akamwandikia asiende Stockholm kupokea tuzo ya Nobel. Akajibu kwamba tuzo ni ya radiamu na poloniamu na haina uhusiano na maisha yake ya ndani, akaenda. Kisayansi barua zile zilizoibwa hazina kitu. Anayesema kila barua ya mwanakemia ni mali ya historia aeleze kwanza tulijifunza kemia gani humo.

Wöhler mwenyewe alikuwa na maoni juu ya watakaokuja. Mwaka 1843 Liebig alipokuwa akigombana na mwanakemia mwenzake Marchand, Wöhler alimwandikia Liebig amtulize: jifikirie mwaka 1900, sisi sote tumekwisha kuwa asidi ya kaboni, maji na amonia, majivu yetu labda yamo katika mifupa ya mbwa aliyefukua makaburi yetu, nani atajali kama tuliishi kwa amani au kwa hasira, nani atajua habari za mabishano yako? Barua hiyo ilichapishwa mwaka 1888. Ulipofika 1900 ilikuwa imesomwa kwa miaka 12, na wengi wanaolitaja jina la Marchand leo wamelikuta humo.