Rubani Mpya na Ajira za Nje: Suala Ni Lini Aondoke

Kijana anayemaliza shule ya urubani na kukabidhiwa leseni ya biashara huwa na saa mia mbili hivi za kuruka. Ndicho kiwango cha chini cha Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO: saa 200, au 150 kwa aliyepitia kozi iliyoidhinishwa. Kufika hapo familia imemaliza akiba, na mara nyingi kiwanja au shamba limeuzwa. Anaanza kupeleka maombi kwa kampuni za ndege uwanja wa Wilson jijini Nairobi, Arusha, Dar es Salaam, Entebbe. Kila ofisi jibu ni lilelile: saa zako hazitoshi. Baada ya miezi kadhaa ya jibu hilo, habari ya kwenda nje inaanza kuzungumzwa nyumbani.

Wanaomhimiza aondoke wana hoja nzito. Leseni ya rubani hailali kabatini ikabaki ilivyo. Cheti cha afya cha daraja la kwanza hulipiwa kila mwaka. Kibali cha kuruka kwa kutegemea ala, yaani kwa kusoma vipimo vya ndani ya ndege pasipo kuona nje, lazima kipimwe upya na mtahini kila mwaka. Asiyepaa na kutua angalau mara tatu ndani ya siku 90 haruhusiwi kubeba abiria. Kwa hiyo kijana asiye na kazi anakodi ndege ya shule kwa saa ili tu asirudi nyuma, na wakati huohuo darasa jingine linahitimu, wakiwa bado wa moto. Kumwambia mtu huyo avute subira ni kumwambia aendelee kutoa pesa. Nawaelewa kabisa wanaokata tiketi.

Hoja inayonisumbua ni ile ya uhaba wa marubani duniani. Boeing, katika makadirio yake ya 2024, ilitaja marubani wapya 674,000 watakaohitajika ndani ya miaka 20, na namba hiyo imekuwa chambo cha kuvutia wanafunzi. Lakini hiyo ni jumla ya miongo miwili, imetolewa na kampuni inayouza ndege, na haisemi ni viti vingapi vitamfaa mwenye saa 200 na pasipoti ya Afrika Mashariki. Mashirika yanayolia uhaba mara nyingi yanawatafuta makapteni, au marubani wasaidizi waliokwisha kurusha Boeing 737 au Airbus A320 kwa muda mrefu. Uhaba huo upo kweli. Ila haumhusu huyu kijana, si leo.

Kuna jambo ambalo wengi hulifahamu wakiwa wameshalipa. Chini ya Mkataba wa Chicago wa 1944, leseni hufuata usajili wa ndege. Leseni ya Tanzania inatosha kwa ndege yenye alama 5H, ya Kenya kwa 5Y, ya Uganda kwa 5X, hata ndege hiyo ikiruka nchi nyingine. Ukitaka kurusha ndege ya Botswana yenye alama A2, au ya Falme za Kiarabu yenye A6, nchi hiyo ndiyo itakayoamua kama inaitambua leseni yako au inakurudisha kwenye mitihani. Juu ya hapo kuna kibali cha kuishi na kufanya kazi, ambacho hutolewa na idara nyingine kabisa. Vijana wengi huhangaikia leseni wakidhani kibali kitajileta chenyewe.

Ulaya inaonyesha hili vizuri. Kule rubani mwenye saa 200 anaweza kabisa kuajiriwa na kuketi kiti cha kulia, yaani cha rubani msaidizi, cha A320, jambo ambalo Marekani haliwezekani. Lakini awe amefaulu mitihani 13 ya nadharia ya mamlaka ya usafiri wa anga ya Ulaya, EASA, awe na haki ya kuishi na kufanya kazi huko, na mara nyingi ajilipie mafunzo ya aina mahususi ya ndege atakayorusha, ambayo ni makumi ya maelfu ya dola. Hata Waingereza walionja adha hii. Tangu Januari 2021, baada ya nchi yao kutoka kwenye mfumo wa EASA, leseni ya Uingereza pekee haimruhusu mtu kurusha ndege iliyosajiliwa Ufaransa au Ireland.

Marekani mlango ni mwingine. Februari 2009 ndege ya Colgan Air ilianguka karibu na Buffalo, watu 50 wakafa. Bunge likabadilisha sheria, na tangu 2013 rubani msaidizi wa shirika la ndege la abiria anatakiwa kuwa na saa 1,500, isipokuwa nafuu kidogo kwa waliotoka jeshini au vyuo vilivyoidhinishwa. Mgeni anayesoma huko kwa viza ya F-1 anaweza kuruhusiwa kufanya kazi ya ukufunzi wa urubani kwa mwaka mmoja baada ya kuhitimu, na wapo wanaorudi nyumbani na mamia ya saa kwa njia hiyo. Hiyo ni faida ya kweli. Lakini ni njia ya kupangwa kabla ya kuanza shule, kwa kuwa si shule nyingi zinazoruhusiwa kupokea wanafunzi wa viza hiyo. Aliyekwisha kuhitimu Nairobi hawezi kuirudia bila kulipa upya.

Mashirika makubwa ya Ghuba kwa kawaida yanataka uzoefu wa ndege kubwa za jeti. Waafrika Mashariki wapo huko, tena wengi, lakini walikwenda wakiwa wameiva.

Mahali ambapo kwenda nje kumewasaidia wengi wenye saa chache ni karibu zaidi kuliko tunavyodhani: Maun, kaskazini mwa Botswana, mlangoni mwa delta ya Okavango. Kambi za watalii zimetawanyika kwenye visiwa visivyo na barabara ya maana, na wageni hupelekwa kwa ndege ndogo za Cessna 206, Airvan na Caravan. Kwa miaka mingi marubani wapya kutoka Afrika Kusini, Ulaya na hata New Zealand wamekuwa wakifika pale kabla ya msimu wa watalii, kupanga chumba, na kugonga milango ya kampuni mmojammoja. Anayepata kazi hupakia mizigo mwenyewe, hupiga hesabu ya uzito wa abiria na mafuta, na kabla ya kutua hupita chini juu ya kiwanja cha vumbi kuhakikisha hakuna tembo au swala njiani. Anapaa na kutua mara nyingi kwa siku moja, joto kali, njia fupi. Hapo ndipo mikono inapokomaa. Upande wa pili ni kwamba wanaosubiri ni wengi kuliko nafasi, kibali cha kazi huchukua muda, na Botswana ina vijana wake wenye leseni ambao nao wanataka viti hivyo. Asiye na akiba ya kumtunza miezi kadhaa asijaribu.

Njia nyingine ya karibu ni Sudan Kusini na Somalia, kwa ndege za mizigo na za misaada zinazoendeshwa kutoka Nairobi. Saa zinapatikana upesi huko. Hatari nayo ni ya kweli: Mei 4, 2020, ndege aina ya Embraer 120 iliyobeba vifaa vya kukabili korona ilitunguliwa huko Bardale, Somalia, na watu wote sita wakafa. Simlaumu anayekwenda. Nawalaumu wanaomwambia kijana kwamba ni hatua ya kawaida tu ya kupitia, bila kumweleza anachokwenda kukabiliana nacho na nani atailipa familia yake.

Tena kuna unyonge wa kuwa mgeni. Mwaka 2020 korona ilipozima safari, mashirika ya Ghuba yalipunguza mamia ya marubani, na aliyepoteza kazi alipoteza na haki ya kuishi pale. Mtu aliye kwao angalau ana pa kulala akisubiri mambo yatulie.

Kwa maoni yangu, aliyehitimu juzi asiende Ulaya wala Ghuba kutafuta saa zake za kwanza, isipokuwa ana uraia au haki ya kazi huko. Saa mia tano za mwanzo azitafute nyumbani au nchi jirani, kwa ukufunzi, kwa kiti cha kulia cha Caravan, au Maun kama ana akiba. Baada ya hapo aende popote anapotakiwa, na tusimwite msaliti. Wakala yeyote anayetaka alipwe kwanza ili "ahifadhi nafasi" akimbiwe, kwa kuwa mwajiri wa kweli hamwuzii rubani usaili.

Ushauri huu hauna maana kama nyumbani hakuna pa kuanzia, na hapa ndipo uchungu wangu ulipo. Caravan huruhusiwa kurushwa na rubani mmoja, na kampuni ya bima mara nyingi hutaka huyo mmoja awe na saa mia tano au elfu. Hivyo mgeni mwenye saa hizo anapewa kibali, na mwenyeji anabaki na leseni yake mfukoni. Tanzania ina Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni ya 2015, inayomtaka mwajiri awe na mpango wa mzawa kuja kushika nafasi ya mgeni. Kwa urubani mpango huo ungepimika kirahisi kuliko kazi nyingine yoyote, maana kila dakika inaandikwa kwenye logibuku, daftari la saa za rubani: kwa kila kapteni mgeni, mzawa wa saa 200 aketi kiti cha kulia, alipwe, na kibali kinapoombwa upya mkaguzi afungue logibuku yake aone zimeongezeka saa ngapi.