Kabla hujamlaumu aliyeshika remoti, uliza alikuwa anaona nini

Chombo kinachoongozwa kwa mbali kikianguka tu, iwe droni ya harusi iliyoparamia waya za umeme au ndege ya doria ya mamilioni ya dola, hukumu inatoka palepale: jamaa mzembe, hakufuata taratibu, kazoea magemu. Ripoti nayo mara nyingi inaandika hivyohivyo kwa lugha ya kistaarabu, kosa la kibinadamu, faili linafungwa. Wapo wengine, hasa wanaosomea mambo ya binadamu na mashine, wanasema hapana, angalieni kwanza kile kioo alichokuwa anakitazama, na hao ndo huwa wanaonekana kama mawakili wa wazembe. Mi naona hawasikilizwi vizuri kwa hiyo nitawapa nafasi kubwa kidogo, ingawa upande wa pili nao una hoja mbili tatu huwezi kuzipuuza.

Chukua ajali ya Nogales, Arizona, usiku wa kuamkia alfajiri ya tarehe 25 Aprili 2006. Ndege aina ya Predator B, haina mtu ndani, inalinda mpaka wa Marekani na Mexico. Rubani yuko chini kwenye kituo chenye meza mbili zilizopakana, moja ya kurushia ndege, nyingine ya mtu wa kamera, na zimetengenezwa zifanane makusudi ili moja ikileta shida uhamie ya pili. Wazo zuri kabisa. Sasa kwenye kila meza kuna mkono mmoja wa kusukuma mbele na kuvuta nyuma, uleule, mahali palepale. Kwenye meza ya rubani huo ni mkono wa mafuta: ukiwa mbele injini inakula mafuta kama kawaida, katikati mafuta yanakatwa, nyuma kabisa mafuta yanakatwa na panga zinalazwa zisikinzane na upepo. Kwenye meza ya kamera mkono huohuo unarekebisha mwanga unaoingia kwenye lenzi: mbele unaongeza, nyuma unapunguza, katikati unaufunga mwanga ubaki ulivyo.

Umeshaona tunakoenda. Skrini ya rubani ikaganda, akahamishia uongozi meza ya pili, na mkono wa kule ulikuwa umekaa mahali ambapo kwa kamera hakuna shida yoyote ila kwa injini maana yake ni zima. Injini ikazima. Anachoona yeye ni ndege inapoteza urefu na hajui kwa nini, ikashuka mpaka mawasiliano yakakatika, ikaenda kuanguka porini karibu na Nogales, bahati nzuri hakuumia mtu.

Bodi ya usalama wa usafiri ya Marekani, NTSB, ikachunguza, na chanzo ilichokitaja ni rubani kutofuata orodha ya ukaguzi wakati anahama meza, kwa sababu orodha ilimtaka aoanishe mikono yote kabla ya kuhama. Hapo watu wa "mzembe" wanapiga makofi. Ila soma mbele kidogo: bodi hiyohiyo ilitoa mapendekezo 22, na kati yake yapo ya kutaka mitambo yenyewe ibadilishwe, ikiwemo onyo la injini kuzima liwe wazi kwa macho na kwa masikio. Mtu hatoi mapendekezo ya kubadilisha mitambo kama tatizo lote ni kichwa cha rubani.

Na hapa kuna jambo ambalo mi nikilifikiria hua silimalizi. Rubani aliyekaa ndani ya ndege injini ikizima anajua kabla hajaangalia saa yoyote, mngurumo unakata, kiti kinaacha kutetemeka, tumbo linapanda, mwili wote unapiga kelele kwamba kuna jambo. Huyu wa kwenye kituo injini yake imezima na chumbani hakuna kilichobadilika, kiyoyozi kinavuma vilevile, kiti kimetulia vilevile, taa zinawaka. Kila kitu ambacho mwili ungemwambia inabidi kipitie kwenye macho, na macho tayari yana kazi ya kuhangaika na skrini iliyoganda. Kwa hiyo ukisema "angetakiwa kuona" unasema kweli, ila unamdai jicho moja lifanye kazi ya masikio, ngozi na tumbo kwa wakati mmoja.

Tena hata hicho cha kuona chenyewe ni kidogo. Marubani wa hizi ndege wana msemo wao kwamba ni kuangalia dunia kupitia mrija wa soda. Kamera ikivuta karibu unaona mpaka kofia ya mtu lakini hujui kulia kwake kuna nini, ikirudi nyuma unaona mtaa mzima na mtu kawa nukta. Ukiwa eneo la tukio unageuza shingo bila hata kufikiria. Kwenye skrini kugeuza shingo ni amri, inabidi kwanza uamue kwamba kuna kitu cha kuangalia huko, na kama hukijui utaamuaje?

Halafu kuna kuchelewa kwa picha. Kuna jaribio la watafiti wawili, MacKenzie na Ware, la mwaka 1993, rahisi tu, watu wamekaa mbele ya kompyuta wanapeleka mshale kwenye shabaha kwa kutumia mausi, halafu picha inacheleweshwa kidogokidogo. Ilipofika milisekunde 225, yaani haijafika hata robo ya sekunde, muda wa kumaliza kazi uliongezeka kwa asilimia 64 na makosa yakaongezeka kwa asilimia 214. Rudia hiyo ya pili. Makosa yanakuwa zaidi ya mara tatu kwa ucheleweshaji ambao wewe ukipiga video kolu na shangazi yako hata huulalamikii. Sasa weka gari linalokwenda kilomita 40 kwa saa, ndani ya hizo milisekunde 225 limeshasogea mita mbili na nusu, na dereva aliye ofisini bado anatazama lilipokuwa. Mtoto anayevuka barabara hahitaji mita mbili na nusu. Kwa ndege zinazoongozwa kwa setilaiti kuchelewa kunazidi sekunde moja, ndo maana jeshi la anga la Marekani lilikuwa na timu kule kule uwanja ulipo kwa ajili ya kurusha na kutua tu, ikishafika juu ndo wanawakabidhi marubani walioko Nevada, Marekani kwenyewe. Yaani wenyewe walijua siku nyingi kwamba ujuzi wa mtu haushindani na mwendo wa ishara.

Wanaopinga watasema jaribio la mausi si gari, na binadamu anazoea. Kweli, anazoea, ila anazoea ucheleweshaji usiobadilika. Ukiwa unapandashuka, saa hii mdogo, saa hii mkubwa, kama mtandao wa simu jioni watu wakitoka kazini, mwili haupati cha kuzoea. Na ukiangalia mtu anavyozoea utaona anachofanya ni kupunguza kazi: mtafiti Ferrell wa MIT, chuo cha teknolojia cha Marekani, aliliona hilo miaka ya 1960, watu wanaoongoza mkono wa mashine kwa picha inayochelewa wanasogeza kidogo, wanasimama, wanasubiri, wanasogeza tena. Kwa mashine iliyokaa mezani sawa. Kwa ndege haiwezekani, ndege haisimami hewani ikusubiri.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa Wasovieti mwezini. Lunokhod 1 ilitua Novemba 1970, gari la magurudumu manane linaendeshwa na timu ya watu watano waliokuwa Crimea, karibu na Simferopol, na picha hazikuwa video, zilikuwa picha mojamoja, nyingine mpaka sekunde 20 ndo inakuja inayofuata. Kamera za kuendeshea zilikuwa chini sana, dereva anaona mawe kama mtu aliyechuchumaa, shimo halionekani mpaka ulifikie. Lilitembea kama kilomita 10.5 katika miezi kumi hivi. Likaja Lunokhod 2 mwaka 1973, wameongeza kamera ya tatu juu, usawa wa macho ya mtu aliyesimama, na picha zinakuja haraka zaidi, wakaenda kilomita 39 ndani ya miezi minne. Sisemi ni kamera peke yake, madereva nao walishakomaa. Lakini hakuna aliyewaambia acheni uzembe. Waliwapandishia macho.

Na ili niwe mkweli, Lunokhod 2 yenyewe ilikufa kwa kuingia kwenye kreta, mfuniko wake ukagusa ukuta, vumbi likajaa, joto likaimaliza. Kuona vizuri zaidi hakukuizuia. Huenda hata kuliwapa ujasiri wa kwenda ambako wale wa kwanza wasingethubutu, na hii ni hoja ya upande wa pili ambayo wenzangu huwa wanairuka.

Kuna nyingine nzito zaidi. Tarehe 21 Februari 2010, mkoa wa Uruzgan, Afghanistan, timu ya Predator iliyokuwa Nevada iliufuatilia msafara wa magari matatu kwa masaa kadhaa, mwisho helikopta zikashambulia, raia wengi wakafa, hesabu zinatofautiana kati ya 15 na 23. Kulikuwa na wachambuzi wa picha Florida wanaotazama video ileile, na suala la watoto kuwemo kwenye msafara lilitajwa, ila kwenye mazungumzo ya timu likawa linapunguzwa makali. Uchunguzi wa jenerali McHale wa jeshi la Marekani uliikosoa sana timu hiyo kwa namna ilivyoripoti ilichokiona. Hapo skrini ilikuwa moja, macho tofauti yakaona tofauti. Huwezi kumtupia mhandisi wa kioo mzigo wa mtu aliyeshaamua anachotaka kuona. Picha hafifu inampa nafasi ya kujidanganya, sawa, lakini kujidanganya ni kwake.

Pia ni uongo kuifanya skrini adui wa kila kitu. Pale mgodi wa Kibali, kaskazini mashariki ya Kongo, kuna mashine kubwa za kubeba mawe ya dhahabu chini ya ardhi na anayeziongoza amekaa juu, anachukua shehena kwa kutazama kamera, halafu mashine inakwenda kumwaga yenyewe. Hakuna mtu pale mwamba unapoweza kuporomoka. Ukimuuliza mke wa mchimbaji kati ya mume anayeona dunia kwa mrija na mume aliye chini kule, jibu unalijua. Na angalia walivyogawana kazi: kipande kinachohitaji akili ya mtu kimebakishiwa mtu, kuendesha kwenye njia nyembamba ya giza, mahali jicho la kamera linachoka haraka, kumeachiwa mashine yenye vipimo vya leza. Huo ndo usanifu ninaousema.

Kwetu huku wengi wanakutana na jambo hili kwenye droni ndogo. Jamaa yuko ufukweni saa saba mchana, bibi harusi anasubiri, simu imebanwa kwenye remoti, jua linapiga kioo anajiona sura yake mwenyewe kuliko anavyoiona droni. Droni ikigeuka kumtazama yeye, kulia kumekuwa kushoto, kila anayeanza anajikuta anaisukuma kule kule anakokimbia. Halafu juu ya picha inashuka meseji ya muamala, umepokea elfu thelathini, imefunika palepale panapoonyesha urefu na betri. Au simu inaita. Simu inaita! Katikati ya kurusha! Wazoefu wanazima data na kuweka hali ya ndege kabla ya kurusha, wengine wamenunua remoti yenye skrini yake, na hao ndo wanaoitwa makini. Mi naona hao ni watu waliorekebisha kioo chao wenyewe kabla mtengenezaji hajawarekebishia.

Nakubali mafunzo yanasaidia, na sheria ya nchi nyingi kwamba anayevaa miwani ya FPV, ile inayomwonyesha picha ya kamera ya droni tu, awe na mwenzake pembeni anayeitazama droni kwa macho yake ni sheria ya maana sana. Ila itazame vizuri sheria hiyo inachokiri: kwamba mtu wa kwenye skrini, hata awe bingwa, haoni vya kutosha, inabidi aazimwe macho. Kama tunalikubali hilo siku ya kutunga sheria, mbona siku ya ajali tunamrudia peke yake?

Sasa hivi kampuni ya Vay kutoka Ujerumani tangu 2024 inapeleka magari kwa wateja Las Vegas bila mtu ndani, dereva kakaa kituoni na usukani na skrini kadhaa, akifika anamwachia mteja aendeshe mwenyewe. Barabara pana, mistari imechorwa, mtandao mzuri. Siku biashara hii ikifika Dar au Nairobi itakutana na bodaboda inayopita kushoto, nyingine kulia, na mama wa ndizi katikati, na bado ajali ikitokea wa kwanza kuwekwa ndani atakuwa yule dereva wa ofisini. Mi ningetaka trafiki akifika aulize kitu kimoja kabla ya leseni: rekodi ya skrini ya huyu bwana iko wapi, ile aliyokuwa anaiona yeye, na ucheleweshaji wake, na kila kilichojitokeza juu yake, si ile safi iliyobaki kwenye kadi ya kamera.